Boma la Woodcutts

Kaskazini-mashariki mwa Dorset, karibu na mpaka wa Wiltshire, kuna nyanda ya juu ya chokaa iitwayo Cranborne Chase. Kwa karne nyingi ilitengwa kwa uwindaji wa wafalme na mabwana wakubwa, na kwa sababu hiyo sehemu zake nyingi zilichelewa kuonja ulimi wa plau. Katika malisho ya kijiji cha Woodcutts, si mbali na Sixpenny Handley, nyasi hazilali sawasawa. Ardhi inapanda kidogo, inashuka, inapinda, kisha inarudi kwenye usawa wake. Anayepita mchana, jua likiwa utosini, anaweza kulivuka boma zima asijue kwamba amelivuka. Anayepita jioni, vivuli vikiwa virefu, huiona ardhi ikijichora mbele yake: tuta la chini, handaki lililojaa zaidi ya nusu, halafu vishimo vya mviringo vilivyotapakaa kama makovu ya ndui. Hakuna lango wala mkata tiketi.

Watu waliishi hapo tangu miaka michache kabla majeshi ya Kaizari Klaudio hayajavuka bahari mwaka 43, hadi nusu ya pili ya karne ya 4. Utawala wa Kirumi juu ya Uingereza kwa kawaida huhesabiwa hadi mwaka 410, yaani miaka 367. Utawala wa Waingereza nchini Kenya, kutoka 1895 hadi 1963, ungetoshea humo mara tano. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa kabla ya kuuliza kwa nini wakulima hawa hawakufanya hivi au vile mbele ya dola. Vitukuu vya wale waliowaona askari wa kwanza walizaliwa, wakalima na wakafa bila kumjua mtu yeyote aliyewahi kuishi chini ya serikali nyingine.

Kulitaja eneo hili kwa Kiswahili si kazi nyepesi. Wanaakiolojia wa Kiingereza wana neno baridi, lenye maana tu ya kitu kilichozungushiwa kingo, wala halisemi nani alizungushia wala kwa nini. Kiswahili hakikujaliwa ubaridi huo. Ngome ina kuta na mizinga, nayo inamrudisha msikilizaji Mombasa na Mreno wake. Zizi ni la mifugo peke yake. Ua ni wa nyumba, wa jiko na faragha ya wanawake. Lipo boma: lile la miiba linalolaza ng'ombe, lile la kaya nzima na wazee wake, na lile la mkuu wa wilaya lililojengwa na Wajerumani kisha likarithiwa na Waingereza, ambako mtu aliitwa kwa kodi na kwa kesi. Aliyesema anakwenda bomani hakuwa anakwenda kukamua maziwa. Neno hilo moja limebeba mtawaliwa na mtawala kwa pamoja, na pengine ndiyo sababu linalifaa eneo la Woodcutts kuliko mengine. Handaki lake halikuwa la vita. Lilikuwa la kuzuia mifugo isiingie penye mazao, la kuondoa maji, la kuonyesha ni wapi kaya ya fulani inaanzia. Hata hivyo, wote waliokuwa ndani yake walikuwa raia wa dola, na dola ilikuwa na njia zake za kuwafikia. Kilomita chache upande wa mashariki, barabara ya Kirumi iitwayo Ackling Dyke inakata nyanda kwa mstari ulionyooka, ikiwa imeinuliwa juu ya ardhi kwa fahari isiyo na haja yoyote ya kiufundi. Ilikusudiwa ionekane.

Yanayojulikana kuhusu maisha ya Woodcutts yanatokana kwa sehemu kubwa na uchimbaji wa miaka 1884 na 1885, ulioongozwa na Jenerali Augustus Pitt-Rivers, mwenye ardhi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Christopher Hawkes alizisoma upya ripoti za Jenerali bila kuinua hata sepetu moja, akaonyesha kwamba kilichodhaniwa kuwa kijiji kimoja kikubwa kilikuwa kaya iliyobadilika umbo mara kadhaa. Kwanza palikuwa na kingo ya mviringo, na ndani yake nyumba moja au mbili za duara na mashimo mengi. Baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 2, kingo ziligawanywa, mashimo yakaachwa, vikaja visima na matanuri ya kukaushia nafaka. Katika karne ya 4 mipangilio ikageuka tena, kisha kimya.

Mashimo yanastahili kusimamiwa kidogo, maana humo ndimo uchumi wa watu hawa ulimolala. Ni makumi ya mashimo, yaliyochimbwa ndani ya mwamba mweupe wa chokaa, ingawa hayakutumika yote kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu wataalamu walisita kuamini kwamba nafaka inaweza kutunzwa ardhini katika nchi yenye mvua kama Uingereza. Jibu lilipatikana Butser, huko Hampshire, ambako kuanzia miaka ya 1970 Peter Reynolds aliendesha shamba la majaribio na kulima, kuvuna na kuhifadhi kwa mbinu za kale. Shimo hujazwa shayiri au ngano, kisha hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa isipite. Punje zilizogusana na ukuta wenye unyevu huanza kuota. Katika kuota huko hutumia oksijeni yote iliyomo na kutoa hewa ya ukaa, hadi shimo zima linakosa pumzi. Hapo uotaji husimama, wadudu na kuvu hushindwa, na nafaka yote iliyobaki hulala usingizi hadi majira ya kupanda. Tabaka jembamba la pembeni hujitoa mhanga ili mbegu zipone. Ni teknolojia isiyohitaji seremala, fundi chuma wala soko. Inahitaji mtu anayeijua chokaa yake.

Shimo la namna hiyo lina kasoro moja, au sifa moja, kutegemea aliyesimama upande gani. Likishafunguliwa, nafaka yote lazima itolewe mara moja. Haliwezi kuchotwa kidogo kidogo kila siku, wala kukaguliwa kwa urahisi. Ni hazina ya mbegu, iliyofichika chini ya miguu ya mwenyewe. Tanuri ni kinyume chake: hukausha nafaka ili iweze kusagwa, kuwekwa ghalani na kusafirishwa, ijapokuwa majaribio ya Reynolds huyo huyo yalionyesha kwamba matanuri mengi ya aina hiyo yalifaa zaidi kutengenezea kimea cha pombe. Vyovyote iwavyo, mabadiliko kutoka shimo hadi tanuri yana uzito kuliko kipande chochote cha chungu chekundu kutoka Galia. Vyungu huja na mchuuzi na huondoka vikivunjika. Kuacha kuitunza nafaka chini ya ardhi yako ni kubadili uhusiano wako na kesho. Nacho kisima kilidai nguvu za ajabu: chokaa hunywa mvua yote, hivyo ilibidi kushuka makumi ya mita ndani ya mwamba ili kuyafikia maji. Nani aliamua kwamba visima vichimbwe, na kwa ajili ya mifugo ya nani?

Wapo waliojibu kwamba aliyeamua alikuwa kaizari mwenyewe. R. G. Collingwood, na baada yake Hawkes, walitazama ramani ya Cranborne Chase, wakaona wingi wa kaya ndogo za wakulima na uhaba wa majumba ya kifahari ya Kirumi, wakakisia kwamba eneo lote lilikuwa milki ya kaizari, likilimwa na wapangaji waliokamuliwa nafaka. Dhana hiyo ina mvuto, hususan kwa msomaji anayetoka kwenye nchi za mashamba ya mkonge na karafuu. Lakini imedhoofika. Mwaka 1942, huko Rockbourne, yapata kilomita 15 mashariki, mkulima mmoja alikuwa akimfukua mnyama wake mdogo wa kuwindia sungura aliyekwama chini ya ardhi. Badala yake akatoa magamba ya chaza na vigae. Hapo ndipo ilipogunduliwa nyumba kubwa ya Kirumi yenye makumi ya vyumba. Utupu uliokuwa ramani haukuwa utupu wa nchi.

Jenerali alizaliwa mwaka 1827 akiwa na jina la Lane Fox, akaenda vitani Crimea, na katika miaka ya 1850 alipewa kazi ya kuchunguza ubora wa bunduki mpya za jeshi. Alipoona jinsi kila bunduki ilivyotofautiana na iliyoitangulia kwa badiliko dogo tu, akahitimisha kwamba vitu vyote vya binadamu hukua hivyo: kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi, kutoka sahili kwenda changamani. Akaanza kukusanya marungu, ngao, pinde na vyungu kutoka kila pembe ya dunia na kuvipanga kwa mfuatano wa maendeleo, si kwa watu waliovitengeneza. Ngazi hiyo ilikuwa na kilele, na kilele hakikuwa mbali na nyumba yake. Mwaka 1880 alirithi mashamba makubwa ya ukoo wa Rivers kwa sharti la kubadili jina. Sheria ya kwanza ya kulinda mambo ya kale ilipopitishwa mwaka 1882, yeye ndiye aliyeteuliwa mkaguzi wa kwanza, kazi ambayo ilimpa uwezo wa kuwasihi wenye ardhi na si wa kuwalazimisha. Katika ardhi yake mwenyewe hakuhitaji kumsihi mtu.

Mwaka 1884 mkusanyo wake mkuu ulipokewa na Chuo Kikuu cha Oxford, ambako jumba la makumbusho bado linaitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo vibarua wake walianza kuchimba Woodcutts. Na mwaka huo huo, kwa wanaopenda kuzisoma tarehe pamoja, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikutana Berlin, na Karl Peters akapita Usagara akikusanya alama za vidole na misalaba chini ya mikataba. Hakuna mkono uliounganisha mambo hayo matatu. Kilichoyaunganisha ni hewa ya zama zake.

Kilichotoka Woodcutts kilipimwa kwa bidii ambayo Uingereza haikuwahi kuiona. Mifupa ya ng'ombe na kondoo ililinganishwa na ya wanyama wa kisasa, ambao Jenerali aliwachinja kwa kusudi hilo hilo la kupima mifupa yao. Mifupa ya watu nayo ikapimwa. Walikutwa ndani ya mashimo yaliyoacha kutumika na ndani ya mahandaki, wengine wamekunjwa magoti hadi kifuani. Jenerali aliwaona kuwa wafupi, akaandika urefu wao na vipimo vya mafuvu yao kwenye majedwali, kama ilivyofanywa na watu wa fani yake Bara Hindi na Afrika. Yafaa jambo hili litamkwe bila kupaza sauti: wakati kipimio kilipokuwa kikizungushwa vichwa vya watawaliwa ng'ambo, kilikuwa pia kikizungushwa vichwa vya Wabritoni waliolala chini ya malisho ya Dorset. Hao nao walikuwa wenyeji. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na uhai wa kulalamika.

Kwa kizazi cha Jenerali, maiti ndani ya shimo la nafaka ilikuwa ishara ya watu wasiojali wafu wao. Karne moja baadaye, Barry Cunliffe alichimba kilima cha Danebury huko Hampshire kwa misimu ishirini, 1969 hadi 1988, akakuta mashimo mengi ya nafaka ya zama za kabla ya Warumi yenye maiti, mafuvu ya farasi, na mbwa waliolazwa kwa uangalifu. Akapendekeza fikra tofauti kabisa. Anayeifukia mbegu ya mwakani chini ya ardhi anaikabidhi kwa walio chini. Ikirudi salama, anadaiwa shukrani, na shukrani huwekwa pale pale mbegu ilipotoka. Kama tafsiri hiyo inawahusu pia watu wa Woodcutts, mtu aliyelazwa shimoni hakutupwa. Aliwekwa mahali penye thamani kuliko pote katika boma. Ni mifupa ile ile, na shimo ni lile lile. Kilichoondoka ni ngazi.

Mkusanyo wake wa pili Jenerali aliuweka Farnham, kijiji cha jirani, katika jumba la makumbusho alilolifungua kwa watu wa vijijini. Humo palikuwa na zana za wakulima, mifano ya mbao ya maeneo aliyoyachimba, na vitu vya Woodcutts: vishikizo vya nguo, sarafu, misumari, vipande vya vyungu. Baada ya jeshi la Uingereza kuuteka na kuupora mji wa Benin mwaka 1897, Jenerali alinunua sanamu na vichwa vya shaba vilivyotoka huko, akavipeleka Farnham, akaandika kitabu kuvihusu kilichotoka mwaka 1900, mwaka wa kufa kwake. Hivyo kwa miongo kadhaa, chini ya paa moja la kijijini, mali ya kifalme ya Benin na misumari ya wakulima wa Kibritoni vilikaa pamoja. Jumba hilo lilipofungwa katika miaka ya 1960, njia za wapangaji hao zilitengana. Mkusanyo wa akiolojia ya Wessex ulifika Salisbury mwaka 1975 na bado unaonekana huko, si mbali na ulikotoka. Vitu vya Benin viliuzwa, kimoja hapa kimoja pale, vikatawanyika kwa wanunuzi wa dunia.

Fikra ya ngazi haikufa na Jenerali. Mwaka 1905 Francis Haverfield, mwanahistoria wa Oxford, alisoma mbele ya British Academy mhadhara uliotoa jina la jambo hilo: Wabritoni waligeuzwa Warumi. Kwa maelezo yake, dola ilileta lugha, mji, sanaa na ladha, na wenyeji wakavipokea kwa hiari, wa juu kwanza na wa chini baadaye, hata wakulima wa vijijini. Tacitus, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1, hakuwa na unyofu huo. Alieleza jinsi Wabritoni walivyovutwa na mabafu na karamu, akaongeza kwa kejeli kwamba wasiojua waliita hayo utu, kumbe ni sehemu ya utumwa wao.

Anayetafuta tafsiri ya Kiswahili ya jambo la Haverfield halazimiki kwenda mbali. Lugha hii ina neno ustaarabu, ambalo shina lake la Kiarabu linahusu kujifanya au kuwa Mwarabu, na ambalo katika karne ya 19 lilichukua nafasi ya neno la zamani zaidi la pwani, uungwana. Uungwana ulitoka ndani ya mji: ukoo, nyumba ya mawe, adabu. Ustaarabu ulielekeza macho ng'ambo, kwa mwingine wa kufananishwa naye. Waswahili wachache hulisikia shina hilo wanapolitamka leo, na si busara kumlaumu mtu kwa etimolojia. Lakini muundo wa fikra ni ule ule: kustaarabika ni kuwa kama fulani.

Uhusiano huu si wa maneno tu. Mortimer Wheeler, aliyechimba Maiden Castle huko huko Dorset kati ya 1934 na 1937, alimtaja Pitt-Rivers kuwa mwalimu wake mkuu katika ufundi wa kuchimba tabaka kwa tabaka na kuandika kila kitu. Mwaka 1955 Wheeler alitembelea pwani ya Tanganyika hadi Kilwa na kustaajabia wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa juu ya ardhi. Muda si mrefu baadaye, taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki ilianzishwa, na mkurugenzi wake wa kwanza, Neville Chittick, akachimba Kilwa Kisiwani. Vipimo vilikuja na swali lao: nani aliuleta ustaarabu huu? Chittick alielekea kujibu kwamba ni wahamiaji kutoka ng'ambo ya bahari. Ilichukua kizazi kingine, pamoja na uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980 na kazi za Felix Chami nchini Tanzania, kuonyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe upo wa miti na udongo, na chini ya mji wa biashara kipo kijiji cha wakulima na wavuvi wenyeji. Ni somo lile lile la Woodcutts: anayeanza na kilichong'aa atamwona mgeni, anayeanza na shimo la nafaka atamwona mwenyeji.

Upo mtego wa upande wa pili. Tangu miaka ya 1990, wasomi wengi wa Uingereza ya Kirumi walichoka na Haverfield, wakaanza kuona ukinzani kila mahali. Nyumba ya duara ikawa tamko la kisiasa, handaki likawa mgomo. Huko nako ni kuwaazima watu wa kale maneno yasiyo yao. Kaya ya Woodcutts ilinunua vyungu vyekundu vya Galia, ilitumia sarafu zenye kichwa cha kaizari, ilifunga nguo zake kwa vishikizo vya mitindo iliyopita ikienda, na kwa muda mrefu iliendelea kuhifadhi mbegu kama mababu. Mtu anaweza kufanya yote hayo katika asubuhi moja pasipo kuhisi mgongano. Mwanamke wa Tanga aliyevaa kitenge kilichochapishwa Uholanzi hakuwa akitangaza utii kwa Malkia Wilhelmina.

Wasomaji wa Kiafrika wanaoishi Uingereza, wakiitafuta nafasi yao katika historia ya Kirumi ya kisiwa hicho, kwa kawaida hupanda kaskazini. Huenda kwenye Ukuta wa Hadriano, hasa Burgh by Sands, ambako katika karne ya 3 kilikuwapo kikosi cha Wamauri kutoka Afrika ya Kaskazini, au York, alikofia mwaka 211 Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Ushahidi huo ni wa kweli na umewafaa watu wengi katika mabishano ya mtaani na darasani. Lakini una jambo la kutafakarisha: wote hao ni watu wa dola, askari na mtawala. Severus alikuja Uingereza kupigana na makabila ya kaskazini, na aliyatendea kama makaizari walivyotenda. Kama kufanana kwa historia kunahesabiwa kwa kuzaliwa bara moja, basi njia ni ya kaskazini. Kama kunahesabiwa kwa kulipa kodi kwa serikali iliyokuja na meli, njia ni ya Woodcutts, na hakuna basi la watalii linalokwenda huko.

Kwamba boma hili bado lipo ni bahati kwa kiasi, na kwa kiasi ni kazi ya mikono. Heywood Sumner, msanii aliyetembea Cranborne Chase yote akichora matuta na mahandaki, alichapisha ramani zake mwaka 1913, na ndani yake yamo mengi ambayo hayaonekani tena isipokuwa kwa ndege, kama mistari ya rangi katika shamba la shayiri. Vita vya Pili vya Dunia vilikuja na amri za kulima malisho ili nchi ijilishe, na baada ya vita trekta na mbolea ya viwandani viliendeleza kazi hiyo hadi kwenye miteremko ambayo hakuna aliyeilima tangu Warumi. Kando ya hapo, katika nyanda za Salisbury, vijiji kadhaa vya zama hizo vimesalia kwa sababu moja tu: tangu 1897 jeshi lilianza kununua ardhi kwa mazoezi, na kifaru cha kivita, pamoja na madhara yake yote, hakilimi kila mwaka.

Woodcutts ilinusurika kwa namna ya pekee. Jenerali hakuchimba sehemu yake, aliichimba karibu yote, kisha akarudisha udongo kwa namna ambayo umbo la mahandaki na mashimo lingebaki kuonekana. Kinachotazamwa leo jioni, kwa hiyo, ni boma la karne ya 4 lililofinyangwa upya na vibarua wa Dorset wa karne ya 19, waliokuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mashambani waliolipwa kidogo kuliko wote Uingereza. Yeye mwenyewe alitaka kujua udongo hufanya nini ukiachwa. Kwenye kaburi la kale la Wor Barrow aliacha handaki wazi na kulirudia miaka michache baadaye ili kupima lilivyojaa. Mwaka 1960 wanasayansi walijenga tuta na handaki jipya juu ya chokaa ya Overton Down, Wiltshire, na kulikata kila baada ya muda uliopangwa kuangalia linavyochakaa. Walikuta kwamba handaki huporomoka kwa kasi katika miaka ya mwanzo, baridi ikipasua kingo zake, kisha nyasi hushika na mambo hutulia. Baada ya hapo hubaki kazi ya nyungunyungu, waleteao udongo laini juu, kijiko kwa kijiko.

Uamuzi mmoja wa Jenerali ndio uliomwezesha Hawkes kumpinga miaka sitini baadaye. Aliamini kwamba vitu vya kawaida vina thamani kuliko vya nadra, akachapisha kwa gharama yake majuzuu manne makubwa, kuanzia 1887 hadi 1898, yenye kila kipande cha chungu na mahali kilipotoka, hata vile ambavyo nadharia yake haikuvihitaji. Mfano wa mbao wa Woodcutts ulichongwa kutokana na vipimo hivyo, mashimo yote yakiwa wazi kwa pamoja, jinsi ambavyo hayakuwahi kuwa wazi siku moja katika maisha ya boma. Na kabla ya kufukia machimbo yake, Jenerali alikuwa na desturi ya kuweka kwenye sakafu medali ndogo ya shaba yenye jina lake, ili atakayechimba baadaye ajue kwamba ametanguliwa. Zimelala huko chini, kwenye chokaa tupu, pale palipokuwa na shayiri.